Kimo cha Jabali Nililolipasua

Mtaa wa Majabali,
juu ya Mirongo,
Mwanza.

Mdogo wangu Mwajuma,

Mimi kaka yako Hamisi nina miaka sabini na tisa kamili. Nimezika wake wawili, wenyeviti wa mtaa watano, nyundo ambazo sikuzihesabu, na daktari mmoja aliyeniambia niache kubeba mawe kwa sababu mgongo wangu hautafika mwaka unaofuata. Yeye ndiye hakufika. Basi ukisikia kwamba mtu wa namna hiyo amechanganyikiwa akavunja mali ya serikali, kwanza muulize mwenyewe.

Najua shikamoo yako imetoka kabla hujamaliza kupasua bahasha, kwa hiyo marahaba, Mwajuma, marahaba sana. Magoti yako vipi? Na kifua cha shemeji, bado kinamsumbua vumbi la Ujiji likianza? Mimi mzima. Nakula, nalala, naamka alfajiri bila kuamshwa na mtu. Jino moja liliondoka mwezi wa Ramadhani, sikulitafuta.

Simu yako ya kutaka mje kunichukua nihamie Ujiji niliipokea, na ni kweli nilikukatia. Usikasirike. Kwenye simu wewe unalia halafu unanikatiza, na karatasi hainikatizi. Mwandiko huu ni wangu mwenyewe, sikuandikiwa. Herufi ni kubwa kwa sababu nilijifunzia kwenye mawe ya makaburi, na kwenye jiwe herufi ndogo haisomeki.

Mkweo Shabani, alipoleta mawese huku mwezi ule, alifika sokoni siku mbaya, akasikia nusu ya habari, akapanda nayo basi kurudi Kigoma. Nusu hiyo ni kweli. Nimepasua jabali ambalo watu wa mradi walikuwa wanalitegemea. Nusu ya pili hii hapa. Isome kwa sauti, na Shabani awepo, akae mbele.

Mlima wetu unaukumbuka, ulipanda kwenye msiba wa mke wangu Bi Asha. Nyumba juu ya nyumba, na mawe katikati, gari halifiki. Usilolijua ni habari ya vyoo, maana mgeni haelezwi. Hapa ukichimba shimo, linafika magotini umegonga mwamba. Kwa hiyo masika ikija watu wanasubiri mvua kubwa ishike vizuri, wanatoboa vyoo vyao pembeni, wanavitapisha, na uchafu unashuka na maji. Unapita mlangoni kwa Mama Kulwa, mjane mmoja muuza dagaa ambaye nyumba yake iko chini ya wote. Kutoka kwake unaingia mto Mirongo, kutoka Mirongo unaingia ziwani, na ziwani ndiko tunakochota. Nasema bila kujificha kwa sababu na mimi nilitapisha, miaka mingi, nikisikilizia radi kama wenzangu.

Sasa mwaka jana akaja binti mmoja, Injinia Neema, mtu wa Musoma, mwembamba, haogopi mtu. Akaitisha mkutano. Akasema kuna mradi wa bomba la maji machafu, litashuka kutoka juu kabisa mpaka kwenye bomba kubwa la mjini, na pembeni yake ngazi na mfereji wa mawe. Tukapiga makofi. Halafu akafika kwenye pesa.

Pesa ya mradi, Mwajuma, ina mafungu matatu. Fungu la kwanza ni mkopo wa nje, huo watalipa wajukuu wetu hata kama hawajazaliwa. La pili ni makusanyo ya mji wenyewe, ushuru wa masoko, leseni, maegesho. La tatu ni sisi. Sehemu moja ya kumi itoke kwa wananchi wa mlimani, na itimie kabla Juni haijaisha, kwa sababu mwaka wa serikali ukifungwa, pesa inahamia mtaa mwingine uliokwisha kutimiza. Na kweli upande wa Pasiansi kulikuwa na mtaa umeshatimiza, unatungoja tuanguke.

Makofi yakaisha. Mwenyekiti wetu, Masalu, akawa anaangalia viatu vyake. Nikasimama mimi.

"Mwanangu," nikamwambia, "nikinunua umeme, kodi ya jengo inakatwa humo humo. Nikiuza kokoto, ushuru. Na mji wote huo unaouona chini, misingi yake imetoka mlima huu, mingine niliibeba kichwani. Leo unatuambia hatujachangia?"

Hakukasirika. Akasema amenisikia, lakini maneno hayaingii kwenye fungu la tatu. Nikamuuliza jiwe je, linaingia? Akafungua kitabu chake, akasoma, akageuza ukurasa, akasema linaingia. Nguvu kazi na vifaa vinakubalika, ilimradi vipimwe. Tukipanga mawe ya mfereji na ngazi kwenye rundo lenye pembe nne, yeye atakuja kulipima na kulithaminisha kwa bei ya lori. Sikuhitaji kusikia zaidi. Umati wote ulikuwa umeshanigeukia, maana hapa mlimani ukisema jiwe umenitaja mimi.

Nikapanga kazi. Wenye nguvu wapasue, wengine wasombe, wazee wenzangu wapange rundo, na atakayesema anaumwa nikamtembelee nyumbani nimpe pole, nione anaumwa nini. Hakuna aliyeumwa. Aliyesomba kuliko wote ni Mama Kulwa. Akishamaliza kuanika dagaa wake anapanda na beseni, anashuka na jiwe, anapanda tena. Kila akipita ananitupia neno. Eti Mzee Hamisi anasimamia kama mkoloni. Eti angekuwa na miguu yenye kazi kama mdomo wake, rundo lingeshafika Bunda. Mimi nilimwacha aseme, kwa sababu mawe yake yalikuwa mazuri.

Lakini Juni ikaingia na rundo lina upungufu wa robo. Mawe ya karibu yameisha. Likabaki jabali moja, lile la njia panda ulilolikalia ulipochoka kupanda, ukasema hutapanda tena maisha yako. Hilo.

Hapa sikiliza vizuri, kwa sababu ndipo Shabani alipopotea. Jabali lile lilikuwa na alama nyekundu ya rangi juu yake, na msumari katikati. Sisi wapasua mawe tuna sheria yetu, ya tangu wazee walionifundisha kazi. Ukilitaka jabali, unalipaka alama. Ukishalipaka ni lako, hata ukienda kuzika Shinyanga ukakaa huko, utalikuta. Lakini masika nzima ikipita hujawasha moto juu yake, umeliacha, limerudi kwa watu. Alama ile iliwekwa kabla ya mvua. Mvua zikanyesha zikaisha. Hakuna moto. Na bado mimi, kwa heshima, niliwazungukia wapasuaji wote wa mlima huu na wa mlima wa pili, nikiwauliza nyekundu ni ya nani. Kila mmoja akasema si yake. Ningefanya nini zaidi?

Nikaliwashia moto. Siku mbili, kuni na matairi chakavu, kisha maji, kisha tindo. Lilipasuka kama mkate. Kwa miaka yangu hii, tindo la mwisho nililipiga mimi, na waliokuwepo wanajua. Rundo likatimia, likapita hata kipimo.

Jumatatu akaja Injinia Neema na wapimaji wake na darubini ya miguu mitatu, na bosi wao mmoja mwenye kofia nyeupe kutoka makao makuu. Wakapanda moja kwa moja mpaka njia panda. Wakasimama. Mpimaji mmoja akazunguka pale mahali kama mtu aliyepoteza mbuzi. Halafu akainama kwenye rundo akaokota kipande chenye rangi nyekundu.

Injinia akanieleza polepole, na namshukuru kwa hilo, kwa sababu wenzake walikuwa wanapiga kelele. Wao ndio waliopaka ile rangi. Mahali pa jabali anaweza kupapata tena kwa mtambo wake wa setilaiti, shida si mahali, shida ni kimo. Kwenye michoro yao kila kimo kimehesabiwa kutoka juu ya lile jabali, na bomba la maji machafu likikosewa kimo kidogo tu, uchafu unasimama katikati ya mlima au unamrudia mtu ndani. Kupima upya kutoka mbali ni wiki nyingi na fungu jipya la pesa. Fungu halipo. Na Juni imebaki siku chache.

Nikawaambia pale pale kimo ninacho. Bosi akacheka. "Mzee, hii ni kazi ya milimita," akasema, "si ya kukisia." Akamgeukia Masalu akamwambia mtaa uandike barua ya kukiri kuharibu alama ya serikali, ili yeye apate pa kuegemea akiipeleka pesa Pasiansi.

Mwajuma, watu walinitazama macho ambayo sijawahi kutazamwa. Watu niliowajengea nyumba. Mama Kulwa akashusha beseni lake chini, akaniambia mbele ya wote kwamba amebeba mawe mpaka nywele za utosini zimekatika, halafu mzee mmoja kwa sifa zake analitia moto jiwe la watu wote, na masika ijayo choo cha mzee huyo kitapita tena kwake mlangoni. Kuhusu choo alisema kweli.

Kesho yake Masalu akaniita ofisini. Barua ilikuwa imeshapigwa chapa. Imeandikwa mimi Hamisi, kwa uzembe, nimeharibu, naomba radhi, na mtaa unakubali uamuzi wowote.

"Mzee wangu, weka dole gumba yaishe," Masalu akasema.

"Dole gumba ni la asiyejua kuandika."

"Basi weka sahihi."

"Sahihi yangu siiweki chini ya neno uzembe. Hiyo ni mali yangu peke yangu, mlima mzima hauna haki nayo."

Akaniomba, akanibembeleza, akanitajia umri wangu, akanitajia polisi. Nikamwambia umri wangu naujua na polisi kituo chao nilikijengea msingi. Nikamwambia anipigie simu kwa Injinia, yeye peke yake, bila kofia nyeupe. Masalu si mtu mbaya. Akapiga.

Akaja. Nikamweleza nilichotaka kueleza tangu mwanzo. Kwa miaka zaidi ya arobaini nimejenga misingi ya mlima huu. Na mlimani huwezi kujenga nyumba bila kujua kimo chake na cha jirani, ama sivyo mlango wa mmoja unakuwa mfereji wa mwingine. Kwa hiyo mimi nilichagua jabali la njia panda, kwa sababu halisogei, na kila msingi niliupimia kutoka juu yake. Natumia mpira mwembamba unaoonyesha ndani, naujaza maji, upande mmoja jabalini, upande wa pili kwenye msingi, maji yanasimama sawa. Nashuka hatua kwa hatua. Nikifika nachonga mstari kwenye jiwe la msingi, na chini ya mstari nachonga futi na inchi ngapi kutoka juu ya jabali. Kila nyumba niliyoijenga inao. Ndiyo maana nililipasua bila huruma, nilikuwa nimeshamaliza kazi nalo. Ukitaka kimo chake, pima kupanda juu kutoka nyumba tatu tofauti. Zikikutana mahali pamoja, jabali lipo. Zisipokutana, mimi ni mwongo, nipe hiyo barua.

Alifungua kitabu chake. Akauliza nyumba zipi.

Ya kwanza ilikuwa msikiti mdogo, pale pa kutawadhia. Mstari upo wazi, hata watoto wa madrasa wanaujua. Ya pili ni kwangu. Akapima kwa darubini, akaandika. Masalu akataka tupime na kwake, nikasema kwako itakataa, usipoteze muda, ukuta wako uliwahi kuanguka ukajengwa na fundi mwingine, akalipachika jiwe langu pasipo pake. Tukapima kumridhisha. Ikakataa kwa shibiri nzima. Nikaona Injinia ananitazama upya.

Ya tatu ikabaki kwa Mama Kulwa, na kwake msingi ulishapigwa plasta. Plasta nzuri, ya saruji, aliyoiwekea akiba ya dagaa miaka miwili. Mstari uko nyuma yake. Injinia akamwambia kwa upole kwamba inabidi kuibandua.

Mama Kulwa akaja akasimama mbele yangu, mikono ina magamba.

"Uko hapo kweli, Mzee Hamisi?"

"Uko."

"Ukikosekana, utaipiga upya plasta hii kwa mikono yako, halafu utahama mlima huu. Sitaki kukuona hata kwenye msiba."

"Nitahama. Gonga kona ya kushoto, juu ya jiwe la pili."

Hakumpa mtu nyundo. Alibandua mwenyewe. Plasta ikaanguka vipande, vumbi likamwingia machoni, akaendelea. Mwajuma, nakuambia wewe tu na Shabani asisikie, ruka hapa ukifika: niliogopa. Miaka thelathini tangu niujenge msingi ule ni mingi. Nikajiuliza kama siku ile nilichonga au nilisema nitachonga kesho. Kisha nikaona anapangusa kwa kanga yake, polepole, kama anampangusa mtoto uso. Mstari. Na chini yake futi na inchi, herufi zangu hizi hizi.

Injinia akaweka darubini, akasoma, akajumlisha, akajumlisha tena. Msikitini, kwangu, na kwa Mama Kulwa, zote tatu zilipanda zikakutana. Tofauti yake unene wa ukucha. Kofia nyeupe alipoletewa hesabu hakucheka. Akasema ni sawa, lakini yeye hawezi kuweka jina lake kwenye mistari ya fundi asiyesajiliwa. Injinia Neema akasema ataliweka lake. Akaandika mbele yetu, jina lote, na namba yake ya kazi. Huo ndio ujasiri, si kupasua mawe.

Pesa haikwenda Pasiansi. Nikataka na mawe ya lile jabali yaingie kwenye fungu la tatu. Kofia nyeupe akasema ni mali ya serikali. Nikamuuliza kama serikali ilikuja na jabali kwa treni. Yakaingia. Barua ya kukiri wanaitaka mpaka leo, eti kwa ajili ya faili. Sijaisaini na sitaisaini. Iko mezani kwa Masalu, anaiwekea chupa ya chai juu.

Sasa wanachimba. Kila nyumba inatoa mtu. Mimi waliniandika kwenye orodha ya wasamehewa kwa ajili ya umri, nikaenda nikakata jina langu kwa kalamu yao. Nachimba saa mbili asubuhi, napumzika, nachimba. Mtaro umefika chini ya msikiti. Kwa Mama Kulwa bado urefu wa nyumba nne.

Kwa hiyo habari ya kunifuata na kuuza nyumba hii, iacheni. Kaburi langu la Ujiji msilichimbe, litajaa maji bure. Sijakataa kuja kuwaona. Nitakuja masika ikishapita moja, mvua kubwa, na mlango wa Mama Kulwa ukabaki mkavu. Kabla ya hapo hata mkinitumia ndege sipandi.

Msalimie shemeji, umwambie anywe maji ya moto na aache ubishi, ubishi wa familia hii unanitosha mimi. Msalimie mwanao mkubwa mwalimu wa madrasa, na mke wa marehemu kaka yetu anayekaa karibu na kituo cha treni, na yule mjukuu wako aliyepewa jina langu, mwambieni ana kazi kubwa. Shabani naye msalimie, lakini mwisho wa wote.

Na kama kuna mtu hapo ukumbini anasema mzee anajisifu, namba za simu nimeandika nyuma ya bahasha. Mpigieni Injinia Neema, atawaambia habari ya kimo. Mpigieni Masalu, atawaambia habari ya barua. Lakini mimi ningempigia Mama Kulwa. Mpaka leo hanipendi, na mtu asiyenipenda hawezi kusema uongo kwa ajili yangu. Mwulizeni mstari ulikuwepo au haukuwepo.

Ni mimi kaka yako,
Hamisi bin Saidi, fundi mawe.